Kupiga Hodi katika Maabara ya Ikolojia

Kwa mtu aliyesoma sekondari katika Afrika Mashariki, neno maabara huleta picha ya chumba chenye meza ndefu, sinki, chupa za tindikali zilizopangwa kabatini na mwalimu aliyevaa koti jeupe. Katika ikolojia, yaani sayansi inayochunguza jinsi viumbe hai wanavyohusiana wao kwa wao na mazingira wanamoishi, neno hilo lina maana nyingine ambayo ndiyo inayotumika zaidi vyuoni: ni kundi la watu linaloongozwa na profesa au mhadhiri mmoja, ambamo wamo wanafunzi wa shahada ya uzamili na ya uzamivu, watafiti waliokwisha kupata uzamivu lakini hawajapata ajira ya kudumu, mafundi na wasaidizi wa uwandani, na wote hao wameunganishwa na swali moja au na maswali yaliyozaliwa na swali hilo. Kundi laweza kuwa na chumba chake katika jengo la idara, chenye darubini, friji ya sampuli na makabati ya mimea iliyokaushwa, lakini sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika mbugani, ziwani, katika mikoko, kwenye miamba ya matumbawe au katika shamba la mahindi linalopakana na hifadhi.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeomba kujiunga na maabara ya namna hiyo anaomba kupokelewa na watu, ambao atakula nao, atalala nao kambini, atabishana nao juu ya takwimu, na ambao majina yao yataandamana na jina lake katika machapisho kwa miaka mingi baada ya kuhitimu. Vijana wengi wa eneo hili huanzia upande wa pili: hutafuta kwanza jina la chuo, kisha ufadhili, kisha msimamizi yeyote mwenye nafasi, na swali la utafiti huja mwisho, mara nyingi likiwa limetungwa na mtu mwingine. Mpangilio huo umewapotezea wengi miaka yao, na haukuwa wa lazima, kwa kuwa Afrika Mashariki na jirani zake, penye baadhi ya tafiti za ikolojia zinazojulikana zaidi duniani, pana watu wake wenyewe walioanza na swali wakafika mbali.

Serengeti inatosha kuwa mahali pa kuanzia. Anthony Sinclair, aliyekulia Tanganyika, alipofanya utafiti wake wa uzamivu katika miaka ya 1960 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford, alichagua nyati, na swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: kwa nini idadi yao inaongezeka? Nyumbu nao walikuwa wakiongezeka, kutoka takriban robo milioni mwaka 1961 hadi kufikia kiasi cha milioni 1.3 mwaka 1977. Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana katika damu, kwani wanyama wa miaka ya nyuma walikuwa na kingamwili za sotoka, ugonjwa wa virusi ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na kuteketeza ng'ombe pamoja na wanyamapori, ilhali waliozaliwa baada ya mwaka 1963 hawakuwa nazo. Chanjo walizochomwa ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi ndizo zilizoukata mnyororo wa maambukizi, na wanyama wa porini, ambao hakuna aliyewachanja, wakapona pamoja na mifugo.

Jibu hilo lilizaa swali jingine. Kama sotoka haipo tena, ni nini kilichowazuia nyumbu wasiendelee kuongezeka baada ya mwaka 1977? Mtanzania Simon Mduma, aliyesomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, ambako Sinclair alikuwa akifundisha, alilichukua swali hilo likawa lake. Ugumu wake unaeleweka kwa kutazama mzoga mmoja. Nyumbu akifa, fisi na tai humfikia upesi, na mtafiti anayekuta mifupa iliyotawanyika anaweza kuamini kwamba simba ndiye muuaji, hali simba alimkuta mnyama amekwisha kuishiwa nguvu kwa njaa. Ushahidi unabaki ndani ya mfupa wa paja: mfupa huo ukipasuliwa, uboho wa mnyama aliyekuwa na lishe ya kutosha huonekana mweupe, mgumu na wenye mafuta, na uboho wa aliyekufa kwa njaa huwa laini, wa utelezi na wenye kupenyeza mwanga, kwa sababu mafuta ya mifupani ndiyo akiba ya mwisho ambayo mwili huitumia pale mafuta mengine yote yanapokwisha. Mwaka 1999 Mduma, pamoja na Sinclair na Ray Hilborn, walichapisha katika jarida la Journal of Animal Ecology uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 40, wakaonyesha kwamba takriban robo tatu ya vifo vya nyumbu vilitokana na upungufu wa chakula, na kwamba majani yanayopatikana wakati wa kiangazi ndiyo yanayoamua idadi yao. Baadaye Mduma aliiongoza Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI.

Hakuna mwanafunzi anayeweza kukusanya peke yake takwimu za miaka 40, na hapo ndipo thamani ya maabara nzuri inapoonekana. Anayepokelewa hurithi madaftari ya waliomtangulia, ramani zao, makosa yao waliyokwisha kuyasahihisha, na mara nyingine mnyama au mti uliopewa namba kabla yeye hajazaliwa; naye kwa upande wake huacha kumbukumbu ambazo atakayekuja baadaye atazitegemea bila kumjua. Urithi wa namna hiyo hauandikwi katika tangazo la nafasi ya masomo, na anayetaka kuujua hana budi kusoma machapisho ya kundi husika kuanzia ya zamani hadi ya jana.

Kaunti ya Laikipia nchini Kenya ina urithi wa aina hiyo unaoonekana kwa macho. Tangu mwaka 1995, katika eneo la Kituo cha Utafiti cha Mpala, kuna viwanja 18 vya utafiti, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa hekta 4, ambavyo vimewekewa vizuizi vya namna mbalimbali: vingine vinawaruhusu wanyama wote, vingine vinawazuia tembo na twiga tu, vingine vinawazuia wanyamapori wakubwa wote, na katika kila aina kuna viwanja wanamolishwa ng'ombe na viwanja wasimoingizwa. Jaribio hilo, lililoanzishwa na Truman Young wa Marekani, linajibu kwa uzio na subira jambo ambalo wafugaji na wahifadhi wamebishana juu yake kwa maneno, yaani kama pundamilia na wenzake wanawanyang'anya ng'ombe malisho. Mwaka 2011 Mkenya Wilfred Odadi, akiwa mwandishi wa kwanza wa makala iliyochapishwa katika jarida la Science, alionyesha kutokana na uzito wa mitamba waliolishwa katika viwanja hivyo kwamba majibu ni mawili: wakati wa kiangazi wanyamapori hupunguza unenepaji wa ng'ombe, na wakati wa mvua huuongeza, kwa kuwa huondoa majani makavu na magumu, yakabaki machanga yenye lishe. Mfugaji yeyote angeweza kulielewa tokeo hilo na kulitumia, na ni vigumu kutaja sifa bora zaidi ya utafiti wa ikolojia katika nchi za wafugaji.

Katika kaunti hiyohiyo unamea mgunga mfupi ambao watafiti huuita Vachellia drepanolobium, wenye miiba iliyovimba chini na kuwa mafundo meusi yenye uwazi ndani, na upepo unapopita kwenye matundu ya mafundo hayo hutoa sauti kama mluzi. Ndani yake huishi sisimizi wanaoulinda mti: tembo akivuta tawi, maelfu yao humwingia mkongani na kumuuma, naye huuacha mti huo na kwenda kwingine. Mwanzoni mwa karne hii waliingia sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, ambao huwaua wenyeji na hawaulindi mti, na tembo wakaanza kuivunja migunga kwa kasi. Mkenya Douglas Kamaru, akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wyoming nchini Marekani, aliufuata mnyororo huo hadi mwisho wake. Mahali ambapo miti imevunjwa simba hukosa pa kujificha anapomvizia pundamilia. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba katika eneo la utafiti, na kufikia mwaka 2020 walikuwa asilimia 42, huku nyati, ambao mwanzoni hawakuwamo kabisa katika hesabu hiyo, wakifikia nao asilimia 42. Makala hiyo ilitoka katika Science mwezi Januari mwaka 2024, na jina la mwanafunzi ndilo lililotangulia majina ya maprofesa.

Tafiti hizo zilifanyika ndani ya maabara zilizokuwa na fedha, magari na kumbukumbu, na si haki kumwambia kijana kwamba swali zuri peke yake lingetosha. Hata hivyo zinaonyesha kile ambacho msimamizi hutafuta anapofungua barua ya mtu asiyemjua. Barua nyingi zinazotumwa kwa maprofesa hufanana: husifu umaarufu wa chuo, hueleza hamu ya muda mrefu ya kuhifadhi mazingira, huomba nafasi yoyote iliyopo, na huambatanisha vyeti vyote kuanzia kidato cha nne. Anayeisoma hajui mwombaji anataka kujua nini, na kwa kuwa barua hiyohiyo imetumwa kwa watu thelathini, jambo ambalo huonekana upesi, huifunga bila kujibu. Barua inayojibiwa huwa fupi, na katika aya yake ya pili huwa na sentensi ya namna hii: "Nimesoma makala yenu kuhusu ng'ombe na pundamilia, kijijini kwetu mbuzi ni wengi kuliko ng'ombe na mvua ni moja kwa mwaka, nami ningependa kujua kama tokeo lenu linasimama katika hali hiyo." Sentensi kama hiyo haiwezi kutumwa kwa mtu mwingine yeyote, inathibitisha kwamba mwombaji amesoma, na inamwonyesha profesa kitu ambacho yeye mwenyewe, kwa wingi wa machapisho yake, hakijui.

Inafaa barua hiyo ieleze pia ujuzi halisi ambao mwombaji anao, kwa maneno ya kazi na bila kujikweza. Anayeweza kutambua miti hamsini kwa majani na magome, anayeendesha gari kwenye matope, anayejua kutumia programu ya takwimu iitwayo R, ambayo hutolewa bure na hutumiwa na wanaikolojia wengi duniani, au anayezungumza lugha ya kijiji ambako utafiti utafanyika, ana mtaji ambao mara nyingi hauonekani katika cheti. Lugha hasa hupuuzwa na wenyewe walio nayo. Mtafiti anayeweza kukaa na wazee wa Kihadza, Kimaasai au Kimakonde na kuuliza mti fulani unaitwaje, unaliwa na mnyama gani na uliacha kuonekana mwaka gani, anafungua kumbukumbu ambazo hakuna chombo cha kupimia kinachoweza kuzifungua.

Mtindo wa kupokea wanafunzi hutofautiana baina ya nchi, na kutojua tofauti hiyo kumewakosesha wengi nafasi walizostahili. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, ambavyo vilirithi utaratibu wa Kiingereza, mwombaji hupeleka maombi katika idara au kurugenzi ya masomo ya juu akiwa na andiko la utafiti, na msimamizi hupangiwa na idara. Ada hulipwa na mwanafunzi mwenyewe, mwajiri wake au mfadhili. Nchini Marekani na Kanada hali ni tofauti, kwani katika ikolojia mwombaji kwa kawaida humwandikia profesa kabla ya kujaza fomu, na profesa akisema hana nafasi wala fedha, maombi yaliyopelekwa chuoni huwa na matumaini madogo hata alama ziwe nzuri kiasi gani. Anayepokelewa kwa uzamivu kwa kawaida hulipwa posho kwa kufundisha au kwa kufanya utafiti, na masomo huchukua miaka mitano au zaidi. Katika nchi kama Uholanzi, Ujerumani na Uswidi, nafasi nyingi za uzamivu hutangazwa kama ajira yenye mshahara na mkataba. Mwombaji wa Dodoma au Bujumbura anayefikiri kwamba "kuomba chuo" kunafanana kila mahali huwa ameshindwa kabla ya kuanza, na vyuo vya hapa vingewasaidia wahitimu wao kwa kulifundisha jambo hili waziwazi katika mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza.

Ipo pia tofauti ya adabu, ambayo haizungumzwi sana ingawa huumiza. Mwanafunzi aliyelelewa kuwaamkia wakubwa kwa shikamoo, aliyezoea kumwita mwalimu wake Profesa au Daktari na kutomkatiza anapozungumza, hujikuta katika mkutano wa maabara, yaani kikao cha kila wiki ambacho wanachama hujadili kazi zao, akiambiwa amwite kiongozi kwa jina la kwanza na amkosoe mbele ya wengine. Hukaa kimya, na ukimya wake husomwa kuwa ni kutokuelewa. Hakuna haja ya kuitupa adabu hiyo. Maneno "samahani Profesa, naomba kuuliza" hubeba swali kali sawasawa na maneno mengine yoyote, na anayeyatumia kila wiki kuanzia wiki ya kwanza huzoeleka kuwa mtu mwenye la kusema. Wajibu uko pia upande wa wasimamizi, wa hapa na wa nje, ambao hawana budi kuelewa kwamba heshima ya mwanafunzi si ushahidi wa uvivu wa kufikiri.

Kazi yenyewe ya uwandani haifanani na picha za filamu za wanyama. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tangu mwaka 1994 kuna viwanja vya utafiti vyenye jumla ya hekta 40 ambamo kila mti wenye kipenyo cha kuanzia sentimita 1 umepimwa, umetambuliwa na kupewa namba. Upimaji hufanyika kwenye kimo cha kifua, ambacho kimekubaliwa kuwa mita 1.3 kutoka ardhini, na anayepima hana budi kupitisha utepe chini ya mimea inayotambaa juu ya shina, kuhakikisha haujapinda upande wa nyuma asipouona, kusoma namba, kuitamka kwa sauti, na kumsikiliza mwandishi akiirudia kabla ya kuiandika. Mti wenye mbawa za mizizi hupimwa juu zaidi, na urefu wa mahali palipopimwa huandikwa, la sivyo atakayepima baada ya miaka mitano atadhani mti umenenepa au umekonda. Jambo hilo hurudiwa mara mia kadhaa kwa siku, kwenye unyevu na nyuki wadogo wanaotua machoni, na usahihi wa mti wa mia nne lazima ulingane na usahihi wa mti wa kwanza. Mwanafunzi asiyeipenda kazi ya namna hiyo hata kidogo afadhali alijue hilo mapema, kwa kujitolea wiki chache katika kituo cha utafiti kabla ya kujifunga kwa miaka minne.

Mtaalamu wa mimea Corneille Ewango alifanya kazi katika msitu huohuo wakati wa vita vya Kongo. Wengi walipokimbia yeye alibaki katika Hifadhi ya Wanyamapori ya Okapi, akaficha sampuli za mimea na kumbukumbu za utafiti zisiporwe, na kuna wakati alilazimika kujificha msituni kwa miezi mitatu. Mwaka 2005 alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2010 alipata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wageningen nchini Uholanzi kwa utafiti juu ya mimea mikubwa inayotambaa na kupanda miti ya msitu huo, kisha akaendelea kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kisangani. Aliingia katika maabara ya Ulaya akiwa tayari anaujua msitu kuliko waliompokea, na uzamivu wake ulitokana na kile alichokuwa amekilinda.

Kabla ya kukubali nafasi, mwombaji ana haki ya kuuliza, na haki hii haitumiki inavyopaswa. Wa kuulizwa si profesa peke yake. Wanafunzi walio katika kundi hilo, na hasa waliokwisha kuondoka, ndio wanaojua kama msimamizi husoma rasimu kwa wiki mbili au kwa miezi minane, kama posho hufika kwa wakati, na kama wanaoanza humaliza. Yafaa kuuliza nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala zitakazotokana na tasnifu, data zitahifadhiwa wapi, na kama mwanafunzi ataruhusiwa kuzitumia baada ya kuhitimu. Kwa Waafrika maswali haya yana uzito wa pekee, kwa sababu kwa miongo mingi watafiti wa kuja na kuondoka wamekusanya sampuli, wakaondoka nazo, na waliowaonyesha njia, wakawatajia majina ya mimea na kuwalinda dhidi ya nyati hawakuonekana hata katika aya ya shukrani. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inazitaka nchi kugawana kwa haki manufaa yatokanayo na rasilimali za kijenetiki, lakini itifaki haiwezi kumwandika msaidizi wa uwandani katika orodha ya waandishi. Jambo hilo linaamuliwa mezani, na mwanafunzi wa Kiafrika aliyemo katika maabara ndiye anayeweza kulitaja mapema.

Usalama nao uulizwe bila haya. Mwanamke anayekwenda kambini kwa miezi mitatu anastahili kujua atalala wapi na nani, nani ana funguo za gari, simu ya setilaiti iko kwa nani, na iwapo atasumbuliwa atamwambia nani asiye msimamizi wake. Wanaume wanapaswa kuuliza maswali hayohayo, kwa niaba yao na ya wenzao. Kundi linaloudhika kwa kuulizwa hivyo limekwisha kujibu.

Juu ya vibali inatosha kusema kwamba Tanzania hutoa kibali cha utafiti kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, Kenya kupitia tume yake ya sayansi, NACOSTI, na Uganda kupitia Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kwamba utafiti wa wanyamapori Tanzania hupitia pia TAWIRI, na kwamba atakayeanza kushughulikia kibali mwezi mmoja kabla ya mvua atazikosa mvua hizo na kusubiri mwaka mzima.

Hatua ya baada ya uzamivu inahitaji maelezo zaidi kwa kuwa haijazoeleka hapa. Mtafiti wa baada ya uzamivu ni mtu aliyekwisha kupata shahada ya juu kabisa ambaye huajiriwa kwa mkataba wa muda, mara nyingi mwaka mmoja hadi mitatu, ili afanye utafiti chini ya profesa mwingine, ajifunze mbinu mpya na kuchapisha kazi zitakazomwezesha kupata nafasi ya kudumu. Ulaya na Marekani hatua hiyo imekuwa kama ya lazima kwa anayetaka kuongoza maabara yake. Afrika Mashariki aliyepata uzamivu kwa kawaida hurudi moja kwa moja kwenye ajira yake ya uhadhiri, hupewa madarasa makubwa, kamati na mitihani ya kusahihisha, na miaka ambayo angekuwa na nguvu kubwa zaidi ya kutafiti humpita akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Hilo ni pengo la kweli, na linawagharimu si wanasayansi pekee, kwani mhadhiri asiyetafiti hana maabara ya kumpokea mwanafunzi, na mwanafunzi huyo hulazimika kuandika barua zake kwa wageni. Anayepata nafasi ya namna hiyo nje ya nchi achague kundi litakalomfundisha kile ambacho kwao hakipo, na aafikiane tangu siku ya kwanza ni sehemu gani ya kazi ataondoka nayo kwenda kuianzishia maabara yake.

Zipo ngazi ndogo za kupandia. Shirika la Tropical Biology Association limekuwa likiendesha kozi za uwandani za takriban mwezi mmoja katika maeneo kama Amani nchini Tanzania na Kibale nchini Uganda, ambako wanafunzi wa Kiafrika na wa Ulaya hubuni swali, hupima, huchambua na kuwasilisha matokeo kwa pamoja. Jumuiya ya Wanaikolojia ya Uingereza imekuwa na ruzuku maalumu kwa wanaikolojia walioko Afrika, na Rufford Foundation hutoa ruzuku ndogo kwa miradi ya uhifadhi inayoongozwa na watu wanaoanza. Kwenye pwani, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar hupokea wanaotaka kuchunguza matumbawe, mikoko na nyasi za bahari. Mwombaji aliyewahi kusimamia shilingi chache za ruzuku na kuzitolea hesabu huaminiwa kuliko mwenye alama za juu ambaye hajawahi kushika daftari la uwandani.

Kwa kijana anayesoma haya akiwa amemaliza shahada ya kwanza na anasubiri tangazo la ufadhili, ushauri ni huu: achague jambo moja analoliona kila siku mahali anapoishi na ambalo hajapata kusikia likielezwa, kama vile kwa nini mwarobaini wa uani umejaa wadudu mwaka huu au kwa nini dagaa wamepungua upande mmoja wa ghuba, asome makala tano zinazolikaribia, amtafute mtu mmoja, wa chuo cha hapa au cha mbali, anayelishughulikia, amwandikie ukurasa mmoja, amwombe rafiki ausome, kisha autume. Asipojibiwa kwa wiki tatu, aandike tena mara moja kwa heshima, kwa kuwa maprofesa husafiri na barua hupotea chini ya nyingine, na wakati anasubiri aendelee kuhesabu wale wadudu na kuandika tarehe.